Mbuzi Aliyetafuna Waya wa Sola

Jumanne, Buna

Tuna jua la kutosha hata kuuza ng'ambo, lakini simu yangu ilizima asubuhi. Mbuzi wa jirani yangu Mama Habiba alitafuna waya wa sola yangu. Huenda majani yamemchosha.

Akachagua siku ambayo mke wangu anafanyiwa upasuaji wa uzazi mbali huko Nyeri. Nilifundisha bila kujua kama yu hai.

Alasiri Mama Habiba akaleta paneli anayochajia redio yake. "Weka simu, mwalimu. Mbuzi ni yangu, makosa ni yangu."

Simu ilipowaka, ujumbe wa mama mkwe ukaingia: mama na mtoto wazima, ni msichana.

Nikakaa mchangani nikalia, mimi mwalimu wa nidhamu. Mama Habiba akaipangusa paneli vumbi, polepole, mpaka nilipomaliza.