Kila Alhamisi Nailaza Seva

Mshauri mpendwa,

Kabla sijaomba msaada, natangaza rasmi kwa taifa zima kwamba simu ya mezani ya ofisi yangu ina miezi mitano haijalia yenyewe. Hulia tu nikiichokoza.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chama cha wafugaji hapa Machakos mjini, kazi niliyojifunza kwa vitabu vya kuazima, na zamani rekodi zetu zilikaa kwenye seva tatu kuukuu, yaani kompyuta za kutunzia rekodi za matawi yote, zilizokwama kila wiki, kwa hivyo nikabandika karatasi katika kila tawi, "Ikikwama, pigia Mutuku", na walinipigia kweli, hasa Mbinya wa tawi la Mwala, tukaongea hadi habari za mbuzi wake, halafu mwaka huu wa 2009 nikajifanya mjanja, nikaziingiza zote ndani ya mashine moja mpya, zikawa mashine pepe, yaani seva tatu zisizo na mwili, kila moja ikidhani iko peke yake, na tangu hapo hakuna kilichokwama wala aliyenipigia, nimebaki mimi na feni, sasa kila Alhamisi asubuhi nabonyeza kitufe nailaza seva ya rekodi za maziwa, na baada ya dakika mbili Mbinya huyo: "Woi, Mutuku, hii kitu yako imelala tena!" nami najifanya natafuta shida huku nikimuuliza kama kwao kumenyesha.

Mwenyekiti amechoka, anataka turudie mashine za zamani. Jumatatu analeta mtaalamu kutoka Nairobi, na mashine huandika jina la kila anayebonyeza. Nifanyeje?

Mutuku

Ndugu Mutuku,

Kwanza, majina nimeyabadilisha, maana wewe uliyaandika yote.

Upweke wako nauelewa. Nami hushinda na barua za watu nisiowajua. Lakini ukiuliza habari za mvua, kuna mama huko Mwala amesimama juani na punda na mitungi, maziwa yakiharibika kwa kuwa tawi haliwezi kuyaandika na kuyapokea. Huoni haya?

Kesho, usingoje Jumatatu, mwambie mwenyekiti ni wewe, na mashine haina kosa. Atafoka. Mwache afoke. Kisha weka nakala ya rekodi kwenye mashine nyingine. Naona hukuitaja, na hiyo moja ikiungua chama kizima kimepotea.

Alhamisi mpigie Mbinya wewe, seva ikiwa macho, uulize mbuzi. Akiwa na shughuli, kata simu.

Wala usijidanganye kuhusu zile simu zake. Karatasi yako ya "pigia Mutuku" bado iko ukutani.