Mkono wa Baba

S.L.P. 318,
Rongai.
9 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Kiptanui,

Habari za Perth? Nasikia baridi ya huko imeshaanza. Natumaini wewe, wifi yangu Kimberly na watoto hamjambo. Sisi ni wazima, ukimtoa Baba. Mvua imekuwa nzuri, mahindi yamefika magotini, na Wasike, yule tuliyemwandika kazi ya ng'ombe, anakamua vizuri.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nikiwa wodini Baba anasikia kila neno, na nikitoka nje nalia kabla hujapokea.

Kwamba alianguka akiinuka kitini akavunjika nyonga, hilo unalijua. Ambalo sikukuambia ni kwamba upasuaji ulienda sawa, lakini Baba ameshindwa kusimama. Sasa kifua kimejaa, na hana nguvu ya kukohoa. Daktari hakunizungusha. Alisema tujiandae.

Nilimwuliza yawezekanaje, mtu mwenye tumbo kama lile. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiona picha zake kwenye grupu la familia ukiandika kwamba mzee ananawiri.

"Madam, hiyo tumbo iliwadanganya," akaniambia. "Mafuta iliongezeka, misuli ikaisha. Mtu akilazwa, mwili inakula misuli yake ndiyo ipone. Huyu mzee alikuja kama hana kitu ya kukula."

Akanieleza kwamba mafuta si adui, kila mwili unayahitaji kwa joto na akiba, ila yale yaliyojibana ndani, kwenye ini na matumbo, ndiyo yaliyochangia sukari ya Baba. Misuli ndiyo ingeitumia ile sukari, kama ingekuwa na kazi.

Kazi! Hapo nilipandwa na hasira, ndugu yangu, na sikuona wa kumkasirikia. Unakumbuka tulipomzika Mama ulisimama ukasema Baba asiguse kitu tena katika boma lile, amelea, sasa alelewe. Watu wote tulipiga makofi. Akanyang'anywa ndoo ya kukamulia na baiskeli ya kupeleka maziwa. Ukanunua kiti kile cha kuegemea. Akitaka kuinuka kufuata maji, mtu anakimbia: keti, Baba, majirani watasema huna watoto.

Kila mgeni alikuja na nyama iliyonona, akammiminia maziwa ya mursik kutoka kibuyuni, akamsifu kwa kunenepa. Chini ya blanketi la magotini hakuna aliyetazama.

Mimi nimetazama, kwa sababu mimi ndiye ninayemwogesha. Mapaja ya mtu aliyekuwa akibeba gunia la mahindi peke yake hadi ghalani, leo ngozi inaning'inia kama shati la kuazima. Tumbo bado lipo. Wanaokuja kumwona hospitalini wanalitazama hilo tumbo wanasema hajambo, na mimi natamani kuwafukuza.

Wasike ameniambia kwamba Baba alikuwa akimfuata zizini kwa siri, akimwomba akamue walau ng'ombe mmoja. Wasike alikataa, akiogopa tutamfuta.

Jana Nekoye, anayemfanyisha mazoezi, alimwambia amfinye vidole kwa nguvu zake zote. Unaujua mkono wa Baba. Siku ulipoondoka alikuaga kwa mkono pale mlangoni hadi ukapiga kelele, sote tukacheka. Basi alikaza uso, mishipa ya shingo ikatoka. Kisha akageuka akanishika na mimi.

"Jerotich, nimekuumiza?"

Nikamwambia ndiyo, Baba, legeza kidogo. Alifurahi sana. Lakini mimi sikuwa nimesikia kitu.

Panda ndege, Kiptanui. Usitume chochote, njoo wewe. Kile kiti nimekitoa sebuleni, na hakuna atakayekulaumu, maana makofi tulipiga wote. Ila akikupa mkono, uvute wako, useme umeumia.

Wasalimie Kimberly na watoto. Shangazi Jepchumba anakusalimu na hajaacha kukuombea. Mwanawe Kipruto naye anasema atakuja kukupokea uwanja wa ndege, saa yoyote. Mungu akushike njiani, akufikishe Baba angali anakutambua.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Jerotich