Karatasi ya Bi Shamima

Wesha, Pemba
12 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na Bibi ameanza kula na kukaa mwenyewe kitandani. Sisi hatujambo, ila Kaka Talib ameumia. Anaendelea vizuri, Mama. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujalia. Kwa simu nisingeweza, ndiyo maana nimempa barua Bi Mwanabaraka anayekuja Tanga.

Unaikumbuka ile hoteli ya wageni iliyotafuta vijana wa kufundishwa kuongoza wazamiaji. Kaka alichaguliwa. Wesha nzima ilifurahi, kwani nani asiyejua kwamba Talib akizama kutafuta pweza, mtu humaliza Alhamdu mara tatu kabla hajaibuka? Mzee Mjaka alimtania kwamba siku hizi hata kulowa kunataka cheti.

Mwalimu wao, Bi Shamima wa Unguja, ni mpole lakini hana mchezo. Aliwapa karatasi ya kanuni kwa Kiingereza, waisome nyumbani na kutia saini kwamba wameielewa. Kaka aliniletea mimi kwa kuwa nipo kidato cha tatu. Tukakaa barazani, nikamfasiria.

Jumamosi walishuka na mitungi ya hewa mgongoni, penye kina cha mita nne tu. Mwenzake Seif ndiye aliyenisimulia. Bi Shamima aliuliza kama wote wameielewa karatasi, na Kaka akawa wa kwanza kuinua mkono. Kule chini maji yakamwingia kwenye miwani, naye akapanda upesi, kifua kimejaa, pumzi ameibana kama alivyozoea tangu utoto. Alipotoka juu alikohoa damu.

Mama, fulana yake niliiona hospitalini, ina madoa ya damu. Daktari alieleza kwamba hewa ya mtungi hutanuka kifuani mtu anapopanda, na asipoitoa hulichana pafu. Sikuwa nikijua.

Bi Shamima alikuja kumtazama. Alimuuliza kwa nini alibana pumzi, na kanuni ya kwanza inakataza. Kaka alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Niliisoma, mwalimu. Nilisahau." Basi jina lake likafutwa mafunzoni.

Hakusahau, Mama. Sikumsomea.

Kanuni ya kwanza ilisema usibane pumzi kamwe. Nilicheka moyoni, nikadhani imeandikwa kwa wageni wasioijua bahari. Niliona haya kumwambia Talib, bingwa wa kubana pumzi, kwamba asibane pumzi. Nikaanzia ya pili, naye kwa kuniamini hakuuliza.

Pafu litapona, inshaallah, lakini hatazamia tena mpaka apimwe. Jumatatu nikitoka shule nitakwenda kwa Bi Shamima nimweleze. Kaka amenikataza, anasema lililopita limepita. Lakini saini ni yake na kosa ni langu. Huenda akijua, atamwekea nafasi.

Nisamehe, Mama, na uniombee. Mbusu Bibi mkono kwa niaba yangu. Kaka anakusalimu sana. Asubuhi hii amenipa karatasi ya dawa nimsomee. Nimemsomea neno kwa neno, mpaka jina la walioichapa.

Mwanao,
Ummkulthum