Bega la Babu

Ijumaa, kiangazi. Tangu asubuhi kuna ukungu wa moshi. Watu wanachoma mapori upande wa Usinge, na jua limekaa juu ya Tabora, jekundu, halichomi. Siku kama hizi hunilewesha. Natembea nikiona rangi tu, watu siwaoni, mpaka nasalimiwa siitiki na naambiwa nina maringo.

Kuna jambo nataka kulikiri hapa, maana kanisani nitaona haya.

Padri alinipa ukuta wa darasa jipya la misheni nichore msafara wa zamani, wapagazi wetu wa Kinyamwezi wakishuka pwani na pembe za ndovu. Jumapili Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kulifungua darasa. Mimi, mchora vibao vya maduka, nipewe ukuta mzima! Wiki ile nilitembea kama sikanyagi chini.

Rangi sinunui kama naweza kuichimba. Nyekundu yangu ni udongo wa kichuguu, nyeusi ni masizi ya chungu cha Bibi, nyeupe ni chokaa. Anga tu ndiyo niliyoinunua, bluu ya kufulia, dukani Mtendeni. Nachanganya na kiini cha yai, kisha nakaa nikiutazama ukuta mpaka nione mtu anatembea ndani yake. Nikimwona, ndipo nashika brashi. Ndivyo ninavyojisifu kwa watu.

Safari hii sikumngoja mtu yeyote.

Niliona picha katika kitabu cha padri, wapagazi wa sijui nchi gani, mizigo kichwani, nikaiiga. Ilitoka nzuri. Padri alifurahi, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Juzi nikampeleka Bibi aone. Ni mzaa baba. Mumewe, babu yangu, ndiye aliyekuwa mpagazi, na kwa kuwa nimepewa jina lake, Bibi huniita mume wangu na kunitania mchana kutwa. Macho yake yamefifia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa lipu. Nikangoja sifa.

“Mume wangu,” akasema, “hawa wanaume wanatoka kuteka maji?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kichwani hubeba sisi wanawake, akasema, Mnyamwezi mwanamume alibeba begani. Akaweka vidole viwili kwenye bega langu la kushoto, akakandamiza. “Hapa palikuwa na sugu, ngumu kama kisigino. Kila akirudi nilikuwa nikiipaka samli.”

Nikamwuliza uso wa Babu ulikuwaje, angalau nirekebishe hapo. Uso ameshausahau, akasema. Mara ya mwisho alimwona kwa nyuma, akishika njia ya pwani, kabla reli haijafika. Hakurudi, wala hakutokea mtu wa kumwambia alifia wapi. Bega ndilo hajalisahau.

Miaka yote hii nakula chungu kimoja naye, na sikuwahi kumwuliza. Nilikimbilia kitabu cha mgeni. Aibu iliyonishika sijui niipe rangi gani.

Basi jana nikaukwangua ukuta wote. Padri aliingia akakuta vumbi na mimi katikati yake, mweupe kama mzimu. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema ikifika Jumamosi jioni, kama hakuna picha, ukuta utapakwa chokaa, basi. Ana haki yake. Lakini nimeogopa, kweli nimeogopa, maana ukuta kama ule sitaupata tena, na Bibi hana miaka mingi ya kungoja mwingine.

Leo nimengoja. Nimekaa sakafuni, moshi ukiingia dirishani taratibu, sijui kama nilisinzia au la. Akaja. Mtu mmoja tu, amenipa mgongo, pembe begani, anakwenda. Sina uso wa kumpa, na wa kuazima sitaki tena. Bega peke yake limenichukua mpaka alasiri. Nimeweka udongo, nikaongeza masizi kidogo pale penye sugu, nikalipitishia yai tupu mpaka likang'aa kama limetoka kupakwa samli.

Bibi akaniletea uji. Akasogea, pua kwenye ukuta.

“Ndiye,” akasema.

Akakaa chini, mikono mapajani, akamtazama muda mrefu sana. Uji ukapoa. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, bila utani wowote, bila hata kuniita mume: “Sasa huyu anafika wapi?”

Imebaki njia iliyo mbele yake, na kesho ndiyo siku ya kuipaka. Mpaka nje ya mji naijua, najua wekundu wake na mahali inapopinda. Baada ya hapo niifikishe wapi?