Maji ya Zivanai

Nyumbani kwa Mbuya Marwei,
Gutu, Masvingo.
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Keresia,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako uliyemtupa. Hujambo huko Kitwe? Magoti je, bado yanakusumbua? Mimi mzima. Meno yamebaki manne, na bado yanang'ata. Nimekupigia simu hadi nimechoka, mwanamke ananiambia eti hupatikani. Hupatikani wewe nani, waziri? Basi nimeshika kalamu na elimu yangu ya darasa la tatu. Soma, usicheke mwandiko.

Baridi imeingia. Karanga zimekubali mwaka huu.

Sasa sikiliza. Kila Jumamosi mchana mjukuu wangu Vimbai huniwekea simu uani nikimenya karanga, na watoto wetu walioko ng'ambo huniona papo hapo. Huandika salamu, kila mmoja akitaja mnyama wa ukoo wake, nami humsifu kama mama alivyotufundisha. Walipozidi, macho yakanishinda kusoma. Vimbai akaunda programu ya kunisaidia. Alianzia kwenye kitu anachokiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja: ni kazi ya mafundi wa mbali walioiandika wakaiacha wenzao waitumie. Hiyo ndiyo inayosikiliza. Mtu akiingia inajua, akiandika inajua, kisha inafanya alivyoiagiza Vimbai. Ukiandika Shumba, inatoa sauti yangu niliyorekodiwa nikiwasifu watu wa Shumba. Haichoki wala haiombi chai.

Tangu Pasaka akaingia mtu anayejiita Sauti ya Kweli. Kila wiki anaandika: "Bibi huyu mchawi. Muulizeni mumewe alikufaje." Keresia, mume wangu alikufa kwa kifua, ulimsikia mwenyewe akikohoa! Lakini maneno yakaota miguu. Wanawake wa kanisa wakaanza kuacha chakula changu sahanini. Kwenye msiba wa jirani wakaninyang'anya mwiko nikisonga sadza. Mimi, niliyepika harusi zao!

Vimbai akasema, "Mbuya, nimfungie asiingie tena."

Nikamwambia, "Ukimfungia atarudi na jina jingine. Mwache. Mimi nautaka uso wake."

Moyoni nilikuwa na mtu: Zivanai, mdogo wa marehemu. Unaikumbuka siku ya urithi, niliposhika bakuli la maji nimpe mwanamume ninayemtaka anirithi? Zivanai alikwisha kunyoosha mikono. Nikampita, nikampa maji mwanangu Farai, maana yake mume mwingine sitaki. Watu walicheka, na kicheko kile kinamwasha hadi leo. Lakini kudhani si kujua.

Nikamwagiza Vimbai: huyo Sauti ya Kweli akiandika neno lolote, programu imsifu kwa sifa za Mhofu, mnyama wa ukoo wa mume wangu. Tukarekodi sifa tamu kweli, na mwishoni nikachomeka uongo: kwamba babu yao Chinhamo, vita ilipokuja, alijificha ghalani kwa wake zake. Ukweli ni kwamba alivuka mto uliofurika, ngoma ya ukoo kichwani. Sifa hiyo haisemwi hadharani. Wanaijua wanaume wa nyumba ile, nasi wake zao huwatajia chumbani. Wanaume wenyewe wamebaki wawili tu, Farai na Zivanai.

Jumamosi ikafika. Farai nikamketisha kando yangu, mikono ndani ya karanga, dunia nzima inamwona. Sauti ya Kweli akaandika tusi lake. Programu ikamsifu. Halafu yakaja maandishi mbiombio: "MWONGO WEWE! Chinhamo hakujificha! Babu yetu alivuka mto na ngoma kichwani!"

Nilicheka hadi beseni likapinduka. Nikaisogelea simu: "Ahsante, shemeji. Ngoma umeivusha salama, sasa vua kofia tukuone."

Binti yake wa London akaandika, "Baba, futa! Futa haraka!" Afute nini? Watu walikwisha kusoma.

Babu Chinhamo nilimwomba radhi kwa pombe ya ulezi. Nadhani naye alicheka.

Wazee wa baraza wakamtaka Zivanai anilipe ng'ombe. Nikakataa. Ng'ombe ataliwa na watu watasahau. Nikasema nataka maji. Jana alikuja uani mbele ya simu, wanawake wa kanisa wamejaa, akapiga magoti na bakuli lake: "Nilisema uongo. Shemeji hana uchawi." Akaliweka chini, akapiga makofi ya kuomba radhi. Nikamwacha pale magotini hadi nikamaliza kumenya beseni zima. Ndipo nikanawa mikono kwa maji yake, nikayamwaga, nikamwambia, "Haya, nenda." Mwiko wangu umerudishwa nikiwa nimekaa.

Mchungaji anasema nisamehe. Nitasamehe, zamu ya Zivanai ikifika.

Nisalimie shemeji Kasonde na watoto wote, na binti yako Mutinta mwambie apunguze chumvi. Mungu akulinde, akupe magoti mapya, akupe na adabu ya kupokea simu.

Na Jumamosi mwambie Mutinta akushikie simu yake, uingie. Andika neno moja tu, maji. Vimbai ameiagiza programu: kila anayeliandika, sauti ya Zivanai inatoka ikiomba radhi, na makofi yake yote. Najua naye huwa anachungulia. Kwa hiyo andika mara mbili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata usipopatikana,

Marwei