Mlangilangi Nilioupaka Chokaa

Ijumaa, katikati ya Novemba. Mvua ya vuli ilinyesha kidogo alfajiri, ikakatika. Mchana kutwa mawingu yamekaa juu ya Bagamoyo, hayashuki wala hayaondoki. Afya yangu ni njema, isipokuwa goti la kushoto.

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu nilipoukata mlangilangi kilele.

Asubuhi, kabla ya chai, nilipanda ngazi nikakagua pale palipokatwa. Udongo na majivu niliyopaka juu ya jeraha bado yameshika. Hakuna chipukizi. Niliteremka, nikanawa mikono, nikaandika katika daftari: "Hakuna." Ni neno lilelile la siku zote zilizotangulia.

Wasomaji wachache wa blogu hii wanaukumbuka mti huo, kwa kuwa mwaka jana niliusifu hapa. Niliandika kwamba hakuna mlangilangi mtaani ulionyooka kama wangu, nikawashauri wenye miche waondoe matawi ya chini ili shina lipande vizuri. Ushauri ule ulikuwa wa makosa. Sikuufuta, nisije nikaonekana kana kwamba sikukosea. Aliyeufuata, namwomba radhi.

Mche ulitoka Mlingotini, kwa dada yake jirani yetu Bi. Mwanahawa. Bi. Mwanahawa hutengeneza vikuba, vile vishada vya asumini, rihani na langilangi ambavyo wanawake hubandika nywelani siku za harusi. Lakini aliyeuomba mche ni mke wangu, Mama Ladislaus. Alitaka upandwe karibu na mlango, kando ya njia ya mawe. Nilichimba shimo, nikatia samadi ya mbuzi, nikazungushia makumbi ya nazi ili yashike unyevu, maana udongo wetu ni mchanga mtupu. Kazi hiyo niliifanya sawasawa. Nilikosea baadaye.

Nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi. Katika shule zote nilizopita, mti wa uwanjani ulikuwa wa namna moja: shina limenyooka, matawi ya chini yamekatwa ili watu wapite, chokaa imepakwa kutoka chini hadi usawa wa kifua. Nilipostaafu niliuleta uwanja wa shule nyumbani. Kila tawi la chini lililochomoza, hasa upande wa njia, nililikata. Mti ulitii. Kwa miaka minne ulipanda, ukalipita paa.

Maua yalipokuja, yalikuja huko juu. Yaliyotufikia sisi yalikuwa yamekwisha kukauka, rangi ya tumbaku, nami nikayafagia. Harufu ilipita juu ya bati ikaenda kwa Bi. Mwanahawa. Yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ana haki ya kunitania, na haki hiyo haiachi ilale.

"Ahsante, mtani," alikuwa akiniambia ukutani kila asubuhi. "Wewe mwagilia, sisi tunanusa."

Sasa niandike jambo ambalo mwaka jana sikuliandika. Mama Ladislaus ana presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba matone yatauchelewesha upofu tu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Maneno hayo niliyasikia pia, nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Juma lililofuata aliomba mche wa mlangilangi. Mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliona ni shauku ya maua, kama wanawake wengine wa mtaa huu. Yeye alikuwa anatafuta mti ambao angeujua bila kuuona, na ua ambalo angelichuma kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuniambia. Mimi sikumuuliza.

Mwezi wa Septemba, akiwa amebakiwa na mwanga na kivuli tu, aliniomba nimfikishe kwenye mti. Alianza kulipapasa shina usawa wa goti. Mkono ukapanda polepole, ukapita kifua, ukapita kichwa, mpaka akawa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu. Hakukutana na kitu. Akashuka, akasugua kidole gumba na cha shahada.

"Na chokaa umeupaka," alisema.

"Ndiyo."

"Matawi yako wapi, Baba Ladislaus?"

"Niliyakata."

"Yote?"

"Ya chini yote."

"Haya. Nirudishe ndani, chai itapoa."

Angenigombeza ningejitetea.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa, kisha nikaenda kwa Bi. Mwanahawa kuomba shauri. Sijazoea kuomba shauri. Alinieleza kwamba kwao Mlingotini mlangilangi hukatwa kilele ungali mchanga, ukifika tu kimo cha mtu. Matawi ya chini hayaguswi; huinamishwa kwa kamba iliyofungwa jiwe, ili yatambae, na mwanamke achume akiwa amesimama chini, asubuhi na mapema, ua likiwa limeshakuwa la manjano. Lililo kijani halina kitu.

"Wako umeshachelewa," alisema. "Ukiukata sasa utabaki mti usio na jani hata moja. Unaweza kuchipua, unaweza kufa. Mwaka ule wa kwanza si nilikwambia?"

"Uliniambia kwa utani."

"Ulitaka nikuandikie barua, Mwalimu?"

Nilimweleza mke wangu mambo yalivyo: tukiuacha, maua yatabaki juu, tukiukata, huenda tukaukosa kabisa. Alisema, "Ulivyo sasa ninao?" Siku iliyofuata nilimwita mkwezi wa minazi. Alipofika juu na msumeno wake aliuliza kama nilikuwa nimepanda mti au mnara wa simu.

Kilele kilianguka uwanjani na maua yake yote. Sikuwa nimejua kuwa ni mengi kiasi kile. Bi. Mwanahawa alijaza nyungo mbili. Moja aliiweka mapajani pa mke wangu, naye akakaa barazani akiyachambua kwa vidole, yaliyokomaa huku, mabichi kule. Alikosea mara chache sana. Alipomaliza, alinusa viganja vyake, akauliza, "Sasa umebaki nini?"

Bi. Mwanahawa akajibu kabla yangu: "Umebaki mlingoti, dada. Mwambie mumeo alete bendera, tuimbe."

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliendelea kufagia. Lakini alikuwa amesema kweli: mti mweupe, mtupu, wima katikati ya uwanja. Tangu siku hiyo nimeumwagilia kila jioni isiyo na mvua, na kila asubuhi nimepanda ngazi.

Niandike ya leo.

Saa kumi alasiri Mama Ladislaus alitoka peke yake kwa kuhesabu hatua, kama anavyofanya siku hizi, akasimama penye mti. Nilikuwa barazani na gazeti. Nilitaka kumwambia asijisumbue, kwamba asubuhi nimekwisha kukagua na hakuna kitu. Badala yake nikalikunja gazeti. Mkono wake ulipanda kutoka gotini kama siku ile ya Septemba. Usawa wa kiuno ukasimama.

"Njoo," aliita. "Kuna kitu hapa kimevunja chokaa."

Nilikwenda. Nilivaa miwani, nikainama, goti likalalamika. Kwenye kovu la tawi nililolikata mwaka juzi, chokaa ilikuwa imepasuka kama ganda la yai, na katikati ya ufa palikuwa na kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele. Juu yake kidogo palikuwa na kingine. Cha tatu alikipata yeye, upande wa nyuma, mimi nikiwa bado natazama cha pili.

Siku ishirini na tatu nilipanda ngazi nikatazama juu, mahali nilipokata mwisho. Mti ulikuwa unachipulia chini, mahali nilipokata mwanzo.

Chipukizi la kwanza limeelekea njiani. Likikua litaikata njia ya mawe katikati, ile niliyoipanga kwa kamba kutoka langoni hadi mlangoni. Nilisimama nikilitazama.

"Unawaza mkasi," alisema mke wangu.

"Siwazi."

"Mwalimu."

"Nawaza. Tawi litakuziba njia, litakupiga kifuani."

"Acha linipige. Likinipiga nitajua nimefika."

Alirudi ndani kwa hatua zake. Mimi niliingia stoo, nikautoa mkasi wa kukatia matawi, ule nilioununua mwaka niliostaafu na ambao nimeupaka mafuta kila mwezi. Niliupeleka kwa Bi. Mwanahawa, nikampa habari ya chipukizi. Alipiga kigelegele kifupi, kisha akaupokea mkasi, akaugeuzageuza.

"Nikutunzie mpaka lini, mtani?"

"Mpaka nitakapokuja kuuomba. Na nikija, usinipe."

"Hata ukija na shikamoo?"

"Hata nikija na shikamoo."

Katika daftari, chini ya "Hakuna" ya asubuhi, nimeandika: "Matatu. Aliyeyaona ni Mama Ladislaus." Kisha nikasoma kurasa za nyuma, nikaona kwamba katika siku zote hizo sikuwa nimekagua shina hata mara moja.

Huenda yapo mengine yaliyoshindwa kupasua. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitaanza kukwangua chokaa. Nitatumia kijiko, si kisu.