Elektroni Si Elekshen

Annet, wewe, siamini. Nimetoka tu kwenye ile siku ya sayansi hapa Tororo na bado nina hasira.

Bango langu si ulilisoma? Mapigo makali ya leza, kupolaraizi elektroni, mashine ya kuzipa kasi. Miaka miwili ya maisha yangu!

Mgeni wa heshima, diwani mmoja mwenye tai pana kama taulo, akasimama mbele ya watu wote na Kiswahili chake cha kubahatisha: "Huyu dada ya Kenya nataka kupolaraizi elekshen yetu! Nataka kutugawanya!"

ELEKSHEN, Annet. Mtu mzima amesoma elektroni akaona elekshen, uchaguzi!

Nikamweleza polepole kama ninayefundisha chekechea. Mzee, hizi ni chembe ndogo sana, kila moja imeelekea kivyake. Leza ikizipiga, zote zinageukia upande mmoja, ndiko kupolaraizi.

Akapiga meza: "Mmesikia? Hiyo ndiyo kuiba kura!"

Na ukumbi ukapiga makofi. Makofi! Nikaambiwa nikunje bango niende.

Sasa sikia. Niko nje nakunja, debe tupu lile la diwani likanifuata, likaangalia nyuma, likaninong'oneza:

"Dada, hiyo mashine yako naweza fika kwetu Masaba? Mimi nasimama tena kwa elekshen."